SOMO LA WIKI: Nanasi bovu na hesabu ya mwaka

Chalinze ni njia panda: barabara ya Dar es Salaam–Morogoro hukutana hapo na ile iendayo Segera, Tanga na Arusha. Mchuuzi wa mananasi ya Kiwangwa huwa na dakika chache za kuuza kabla gari halijaondoka. Kishawishi ni kuchomeka nanasi bovu chini ya fungu, kwa kudhani mteja hatarudi.

Hesabu inakataa. Tuchukulie nanasi hilo linamwokolea mchuuzi sh. 1,000. Dereva wa lori anayepita mara moja kwa wiki na kumwachia faida ya sh. 1,000 kila safari humletea sh. 52,000 kwa mwaka. Akidanganywa leo, atahamia meza ya jirani, na utingo wake atawaambia wenzake.

Kurani katika sura ya 83 na Biblia katika Mithali zote zinakemea udanganyifu wa vipimo. Imani ya mfanyabiashara hupimwa mezani pake. Uongozi pia: kijana wa kazi huiga anachokiona kwa tajiri wake. Basi tajiri na aanze yeye kulitoa nanasi bovu, kijana akimwona.