SOMO LA MANENO: "STIFLE", KUBANA PUMZI NA KUBANA SAUTI



Barua nyingi za kazini hapa Uganda huandikwa kwa Kiingereza: matangazo ya meneja, mikataba, hata malalamiko yetu wenyewe. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi, lakini hiyo si sababu ya kutia sahihi chini ya neno tusilolijua. Leo tujifunze neno moja, stifle. Hutamkwa "staifol".

Maana ya kwanza: kubana pumzi

Mahali penye joto kali na hewa isiyotembea huitwa stifling. Ndivyo lilivyo ghala la mabati saa nane mchana, milango ikiwa imefungwa. Neno hili lina ndugu zake, nasi tusiwachanganye. Choke ni kukabwa kooni, kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Smother ni kufunika hata hewa isipite, kama tunavyozima moto mdogo kwa blanketi zito. Suffocate ni kukosa hewa kabisa, na mwisho wake huwa kifo.

Maana ya pili: kuzuia kisitoke

Mtu akiziba mdomo mkutanoni ili mwayo wake usionekane, Mwingereza husema ame-stifle mwayo. Vivyo hivyo kwa kicheko, kikohozi na kilio.

Maana ya tatu: kunyamazisha

"The manager stifled the complaint." Maana yake, meneja aliyazima malalamiko. Hakuyajibu, wala hakuyakataa kwa hoja. Aliyabana tu yasifike mbele.

Wanaotengeneza hariri nao wana matumizi yao. Vifuko vya hariri hutiwa katika mvuke au joto kali ili mdudu aliye ndani afe kabla hajatoboa na kuharibu uzi. Kazi hiyo huitwa stifling. Tuone basi: aliyesokota uzi ndiye anayebanwa pumzi.

Tulitumieje neno hili?

Katika kiwanda kimoja tulichokihudumia, tawi liliandika kwamba chumba cha kusagia kilikuwa stifling. Meneja alisoma "joto", akaleta feni mbili. Lakini shida ya wenzetu ilikuwa vumbi. Feni zilirusha vumbi lote machoni na vifuani mwao, na meneja akasema amekwisha jibu barua. Neno halikuwa la uongo, ila halikutosha.

Kwa hiyo katika malalamiko, baada ya neno hili tuandike mambo manne: ni nini kinachobana, yaani joto, vumbi, moshi au gesi, ni mahali gani, ni saa ngapi kwa siku, na ni wangapi wameumwa, na wanaumwa nini. Kisha tuseme tunachotaka: madirisha, bomba la kuvuta vumbi, au kazi isimame.

Kwa matangi na mashimo, neno stifling ni dogo mno. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21. Ndani ya tangi lenye molasi iliyochachuka, gesi ya kaboni hukaa chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa, na haina harufu ya kumwonya mtu. Mmoja huanguka, wa pili huingia kumwokoa, naye huanguka. Hapo tuandike suffocate, na asiingie mtu mpaka hewa ipimwe. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, alindwe asiadhibiwe.

Tujihadhari na mwajiri pia anapolitumia. Mara nyingi husema, "Higher wages will stifle investment", yaani mishahara ikipanda, uwekezaji utakosa pumzi. Tusikasirike wala tusiitikie tu. Tuulize: ni hesabu gani inayoonyesha hivyo? Tuone vitabu. Na pumzi ya anayechuma chai kwa ujira usiofika mwisho wa mwezi, nayo imo katika hesabu hiyo?

Mwisho, tukumbuke maana ya tatu. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama cha wafanyakazi au kujiunga nacho. Anayemhamisha katibu wa tawi kwa sababu amesema ana-stifle sauti yetu, na tunaweza kumwandikia hivyo kwa neno hilo hilo. Lakini tusijibane wenyewe. Mwenye kikohozi cha vumbi akikificha ili asifukuzwe, ugonjwa haumwonei huruma. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Ni mahali gani kazini kwetu panapobana pumzi? Ni joto, vumbi, moshi au gesi?
2. Ni malalamiko gani yaliyozimwa mwaka huu bila kujibiwa? Nani anayo nakala?
3. Andikeni pamoja barua moja fupi yenye yale mambo manne. Mwenye kujua Kiingereza aandike, wengine wote wasomewe kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi.

Umoja ni nguvu.