Ramadhani 12: Asumini ya majani matupu



Darasa la leo linaanza na kosa langu. Mwaka jana mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia baada ya Alasiri. "Ustadhi, asumini yangu imegoma kutoa maua." Mti ule aliupanda marehemu mumewe, na kwake yeye vitumba ndiyo vikuba, na vikuba ndiyo fedha ya jikoni. Imamu Malik, pamoja na elimu yake yote, hakuona haya kujibu "sijui". Mimi nikaona haya. Nikamwambia aongeze samadi, na maji asubuhi na jioni. Mti ukanenepa, majani yanang'aa, maua hakuna!

Baadaye nikaenda kumuuliza mzee anayejua bustani. Akacheka kwanza. Asumini hutoa vitumba kwenye ncha za machipukizi mapya, akasema. Ukiushibisha samadi unapata majani tu. Udongo ukiwa chepechepe kila siku, mizizi inakosa hewa, inaoza. Na jua lazima, saa sita hivi kwa siku. Dawa ni mkasi.

Nikarudi kwa yule mama, nikamwomba radhi kwanza. Kuhusu mkasi akakataa kabisa. "Mti wa baba watoto, mimi siukati." Sikumlaumu. Tulikaa barazani, nikamwonyesha tawi moja lililokauka, tukaanza na hilo. Wiki iliyofuata akakata mwenyewe yale marefu, kama theluthi hivi, juu kidogo ya pale jani linapotokea. Samadi akaacha, maji akawa anatia udongo wa juu ukikauka. Machipukizi yakaja, kisha vitumba. Siku ya kwanza hakuuza hata kimoja.

Basi wenye asumini nyumbani, ikimaliza kuchanua ikatieni, na maua yaliyonyauka yaondoeni. Vitumba vichumwe alasiri vingali vimefumba, maana hufunguka usiku. Tuliofunga tunaweza kumwagilia kabla ya futari, jua limeshapoa, na maji ya kuoshea mchele yanafaa, msiyamwage. Ila msikate leo mkitegemea maua ya Idd. Mti hauna haraka yetu.

Anayetaka vipandikizi aje kwangu baada ya Alasiri, nimpeleke kwa mama huyo. Ameniruhusu kuwaambia, na anatoa bure.