Fukusi na Dumuzi katika Depo za Lubumbashi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mahindi tunayovuna Haut-Katanga kati ya Aprili na Juni yanatakiwa kutufikisha mavuno yanayofuata, na kila mwaka hayatufikishi. Sehemu ya sababu iko ng'ambo ya Kasumbalesa. Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la kitaifa mwezi Februari 2024, tulikumbushwa jinsi bukari ya mji huu inavyotegemea mashamba ya jirani. Sehemu nyingine iko ndani ya depo zetu wenyewe, ina urefu wa milimita nne na inatafuna usiku na mchana. Mvua hatuiwezi. Mdudu tunamweza, kwa sharti kwamba aonekane mapema, naye haonekani mapema kwa mtu asiyemtafuta.

Haya ni kwa mwenye shamba la njia ya Kasenga au Kipushi, kwa mama aliyepanga magunia kumi chumbani akingoja bei ya Januari, na kwa mwenye depo la tani mia moja. Sheria ni zilezile kwa wote.

Jua unamtafuta nani. Kusema “kuna vidudu” hakutoshi. Mwage kiganja cha mahindi kwenye karatasi nyeupe mahali penye mwanga, uinamie. Fukusi wa mahindi, *Sitophilus zeamais*, ana pua ndefu nyembamba inayotokeza mbele ya kichwa, na ukimgeuza kwenye mwanga utaona madoa manne ya rangi nyekundu iliyofifia kwenye mabawa yake magumu. Dumuzi, *Prostephanus truncatus*, hana pua hiyo. Mwili wake ni mviringo na mrefu, kichwa kimekunjwa chini hata ukimtazama kutoka juu hukioni, na nyuma amekatika wima kana kwamba amepitiwa na kisu. Alama anayoacha pia ni tofauti. Fukusi huacha tundu la duara kwenye punje. Dumuzi huacha unga, unga mwingi mweupe uliojaa chini ya gunia na kushika mikono, hadi punje ibaki ganda tupu.

Tofauti hiyo ina gharama. Dumuzi ni mgeni kutoka Meksiko na Amerika ya Kati. Alitambuliwa Tabora, Tanzania, mwaka 1981, na wakulima wa huko walimpa jina la Scania. Kenya alionekana Taveta mwaka 1983, na katika miaka ya 1990 alikuwa amekwisha kufika Zambia. Vipimo vya Tanzania vya miaka ile ya mwanzo vilionyesha kwamba mahindi ya mkulima yanaweza kupoteza hadi asilimia 34 ya uzito katika miezi mitatu tu. Fukusi hafiki huko kwa muda huo. Na dawa inayomuua mmoja haimuui mwingine vizuri: pirimifosi-methili inamweza fukusi lakini dumuzi huistahimili, permethrini inamweza dumuzi lakini ni dhaifu kwa fukusi. Ndiyo maana dawa nzuri za vumbi za ghalani huchanganya zote mbili. Anayenunua dawa kabla ya kujua mdudu wake ananunua vumbi.

Ukishindwa kuwatofautisha, tia wadudu kumi kwenye chupa ndogo yenye pombe kali, uwapeleke Kitivo cha Sayansi za Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, njia ya Kasapa, au kituo cha INERA cha Kipopo. Kuuliza hakumshushi mtu mzima hadhi.

Usidanganywe na baridi ya Juni na Julai. Hapa ndipo watu wengi wa mji huu wanapopotezea chakula chao, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika. Tuko juu ya mita 1,200, na usiku wa kipwa hapa ni wa koti. Kwenye joto zuri, fukusi hutoka yai hadi mdudu kamili kwa siku 35 hivi. Kwenye baridi safari hiyohiyo inaweza kupita siku 100. Kwa hiyo mwezi wa sita unafungua gunia, unaona wadudu wawili watatu wanaotembea kwa uvivu, unalifunga tena na kusema mwaka huu ni mzuri. Hujaona kilicho ndani ya punje. Jike hutoboa punje, huweka yai humo, huziba tundu, na mtoto hukua ndani akila moyo wa punje bila alama yoyote ya nje. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 150 katika maisha yake. Septemba joto linaporudi, wote waliochelewa wanatoka pamoja na kuanza kutaga. Oktoba gunia lina joto ukiligusa. Novemba, shamba linapotaka mbegu na nyumba inapotaka chakula, unauza mahindi ya kuku.

Wadudu wachache wa Juni wahesabiwe kwa uzito wa Oktoba. Ukikuta mmoja aliye hai katika kilo moja, chukua hatua wiki hiyo.

Anza kukagua mahindi yakiwa bado shambani. Fukusi anaruka. Hutoka kwenye depo zilizo karibu na kuingia katika mahindi yaliyosimama yakikauka, hasa yale ambayo maganda hayakufunika ncha. Usiache mahindi yaliyokwisha kukauka yasimame wiki baada ya wiki kwa sababu vibarua hawajapatikana. Siku ya kuvuna, menya mahindi ishirini kutoka pembe mbalimbali za shamba na uangalie ncha zake. Yenye matundu yatengwe palepale, yaliwe kwanza. Yasiingie depo.

Usiweke mahindi mabichi. Yashuke hadi unyevu wa asilimia 13 au chini yake. Asiye na kipimo atumie chumvi: chupa ya kioo iliyokauka, chumvi kavu vijiko viwili vitatu, mahindi hadi theluthi ya chupa, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, rudisha juani. Lakini ujue mpaka wa jambo hili: ukavu unamdhoofisha fukusi, dumuzi haumtishi. Ameonekana akizaliana katika mahindi yenye unyevu wa asilimia 9. Kukausha ni wajibu, hakukuondolei kazi ya kukagua.

Kagua kila baada ya wiki mbili, na kuanzia Septemba kila wiki. Kagua maana yake si kufungua mdomo wa gunia la mbele na kuchungulia. Tumia bambo, bomba lenye ncha kali la kuchotea punje ndani ya gunia. Depo likiwa na magunia kumi au pungufu, toboa yote. Kati ya kumi na mia, toboa kumi uliyoyachagua bila kupendelea, na ya chini kabisa yawemo. Yakizidi mia, tafuta kipeo cha pili cha idadi yake: magunia 400, toboa 20. Ingiza bambo juu, katikati na chini, changanya ulichopata, pima kilo moja, chekecha.

Chekecheo la unga halifai, matundu yake ni madogo, mdudu hapiti. Chukua bati, litoboe kwa msumari matundu ya milimita tatu. Chini yake weka sahani nyeupe. Acha sahani juani dakika mbili, kwa kuwa fukusi akiguswa hujifanya amekufa, akikunja miguu na kutulia kabisa. Joto litamwamsha. Hesabu wanaotembea kando, na waliokufa kando. Kisha hesabu punje mia moja bila kuchagua, uone ngapi zina tundu.

Andika. Tarehe, gunia, walio hai, waliokufa, punje zenye tundu katika mia, na kama kuna unga. Daftari la shule linatosha. Hesabu moja haikuambii kitu kikubwa. Hesabu tatu zinazofuatana zinakuambia kama wanapanda. Daftari likae depo, si nyumbani kwa mkubwa, na anayelala mlangoni aoneshwe namna ya kulijaza.

Usitundike mtego wa feromoni ndani ya depo. Wapo wafanyabiashara wanaopata mitego hii na kuifunga juu ya magunia kwa fahari. Harufu iliyomo ni ya dumuzi dume, inawaita majike na madume kutoka mbali, na si wote wanaoingia mtegoni. Utakuwa umewaita wageni hadi jikoni. Mtego ukae mita 100 au zaidi kutoka kwenye akiba, upande wa pori. Kazi yake ni kukujulisha kwamba wameanza kuruka katika eneo lenu. Haukuambii hali ya gunia lako, hiyo utaipata kwa bambo tu.

Usihifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi. Najua wazee wetu walifanya hivyo, tena kwa akili: ganda lililofunga vizuri linamzuia fukusi, na moshi wa jiko ulisaidia. Kwa dumuzi mambo yamegeuka. Punje zilizoshikana kwenye gunzi hazisogei, naye hupenda mahali pa kuegemea anapotoboa. Pukuchua. Hili najua linaleta kazi ya ziada kwa wanawake, ambao ndio wanaopukuchua, na wanaume wa nyumba waingie kazini.

Usiisahau mihogo mikavu. Nyumba nyingi hapa huchanganya unga wa mihogo na wa mahindi, na gunia la mihogo huegemezwa pembeni bila mtu kuligusa. Dumuzi huila mihogo kwa kasi kuliko mahindi. Majaribio ya Tanzania ya miaka ya 1980 yalionyesha mihogo mikavu ikipoteza zaidi ya nusu ya uzito kwa miezi minne. Anayekagua mahindi na kuiacha mihogo anafuga mdudu katika chumba kilekile. Vivyo hivyo kuni, na nguzo za miti za ghala: dumuzi anaishi ndani ya mti mkavu wa msitu wetu wa miombo. Nguzo yenye matundu ing'olewe.

Maharagi yakaguliwe siku ya kwanza. Mdudu wake ni mwingine, mfupi na mnene, na huwa ameshaingia tangu shambani. Tandaza kwenye plastiki nyeusi juani, funika kwa plastiki angavu, saa kadhaa za jua kali. Ya mbegu usiyapike namna hiyo.

Usitie dawa usiyoweza kusoma kilichoandikwa kwenye pakiti yake. Dawa ya pamba si ya chakula. Dawa ya mboga si ya chakula kilichohifadhiwa. Unga usio na jina unaouzwa kwa kijiko sokoni usiingie nyumbani kwako. Ya ghalani ipimwe kama ilivyoandikwa, ichanganywe na punje zote juu ya plastiki kwa koleo, isinyunyizwe juu ya gunia kama chumvi. Kisha endelea kukagua, maana vumbi hupoteza nguvu kwa miezi, na joto la Oktoba huliharakisha.

Vidonge vya fosfini usiviguse. Nasema hili kwa baba na mama wote wanaolala chumba kimoja na magunia, au chumba cha jirani chenye dari moja. Fosfidi ya alumini ikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi inayoua fukusi, dumuzi, panya na watoto. Gesi hiyo hupita kwenye nyufa za ukuta na juu ya dari. Usitegemee kitambaa puani, hakizuii kitu. Kazi hiyo ni ya mtu aliyefundishwa, katika depo lisilolaliwa, lililofungwa na kuwekewa alama, na kufunguliwa hewa kabla mtu yeyote hajaingia. Asiye na depo la namna hiyo hana haki ya kununua kidonge hata kimoja.

Mifuko isiyopitisha hewa: nunua, na usiifungue ovyo. Inafanya kazi kwa njaa ya hewa. Wadudu walio ndani wanamaliza oksijeni na kukoma kula. Mfuko ukifunguliwa kila Jumamosi kuchota chakula cha wiki, unawarudishia pumzi. Tenga mfuko mmoja wa kula na mingine ifungwe hadi siku yake. Kwa hii ukaguzi ni wa nje: tafuta tundu. Dumuzi anaweza kutoboa plastiki, kwa hiyo isiegemezwe kwenye gunia bovu wala kwenye mbao.

Usichanganye mahindi ya zamani na mapya. Machi, depo likiwa karibu tupu, toa kila kitu. Fagia nyufa, pembe, juu ya boriti, chini ya mbao za kupangia. Takataka hizo zichomwe siku hiyohiyo, zisitupwe nyuma ya ukuta. Magunia matupu yachemshwe. Kilo tano za mwaka jana zilizosahaulika pembeni zinatosha kuambukiza tani nzima.

Usipokee gunia kabla ya kulitoboa. Iwe limetoka Zambia na karatasi zote za mpakani, iwe limetoka kwa ndugu yako wa Kasenga. Lori lisimame nje. Bambo ipite, kilo moja ichekechwe mbele ya dereva, sahani iwekwe juani. Akitembea mdudu mmoja, magunia hayo hayashuki karibu na depo lako. Yaende mashineni kusagwa leo, au yarudi yalikotoka na lori lilelile.