Nyongo Inapopanda hadi Kwenye Umio

Mtu aliyesumbuliwa na kiungulia kwa miaka mingi huweza kumeza omeprazoli kwa wiki chache, moto wa kifuani ukatulia, naye akajihesabu kuwa amepona. Kutulia kwa maumivu ni jambo jema, lakini si ushahidi kwamba utando wa ndani wa umio umerudi katika hali yake. Dawa hiyo hupunguza tindikali inayotengenezwa tumboni. Haiukazi msuli uliolegea, na majimaji yanayoendelea kupanda huweza kuchanganyika na nyongo, ambayo asili yake si tumboni.

Nyongo hutengenezwa na ini, huhifadhiwa katika mfuko wake, kisha humwagwa katika duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ili kusaidia usagaji wa mafuta. Ili ifike kwenye umio haina budi kupita malango mawili kinyumenyume: msuli unaofunga njia ya kutokea tumboni, na ule unaofunga mwisho wa umio. Lango la kwanza huvuja mara kwa mara hata kwa watu wenye afya, na huvuja zaidi kwa waliowahi kufanyiwa baadhi ya upasuaji wa tumbo. Tatizo huwa kubwa pale lango la pili nalo linaposhindwa, hasa sehemu ya tumbo inapopenya kiwambo na kupanda kifuani.

Wapo wagonjwa wanaoamka na uchungu mdomoni wakaituhumu nyongo. Huenda ni kweli, ila uchungu peke yake hauthibitishi kitu. Katika miaka ya 1990 watafiti walianza kutumia kifaa cha nuru kinachoitambua bilirubini, rangi ya nyongo, ndani ya umio kwa saa 24. Walichokiona ni kwamba tindikali na nyongo hupanda pamoja, na kwamba mchanganyiko huo ulikuwa mwingi zaidi kwa wagonjwa wenye umio wa Barrett.

Umio wenye afya umefunikwa na tabaka za seli bapa, zinazostahimili msuguano wa tonge. Zikijeruhiwa kila siku kwa miaka, nafasi yake huweza kuchukuliwa na seli ndefu, zikiwemo zinazotoa ute kama zile za utumbo. Badiliko hilo huitwa metaplasia. Norman Barrett, daktari mpasuaji wa London, aliandika mwaka 1950 akidhani kwamba sehemu hiyo ni tumbo lililovutwa hadi kifuani. Mwaka 1953 Allison na Johnstone walionyesha kuwa ni umio wenyewe, na Barrett akaja kukubali mwaka 1957. Jina limebaki la yule aliyekosea mwanzo.

Madhara ya nyongo hutegemea sana ukali wa tindikali inayofuatana nayo. Mahali pasipo na tindikali, asidi za nyongo hubeba chaji ya umeme, na hivyo hupenya seli kwa shida. Kwenye tindikali kali sana, nyingi kati yake huganda na kutuama. Hatari iko katikati, kwenye pH ya kama 3 hadi 5: baadhi hubaki zimeyeyuka lakini hazina chaji, zikaingia ndani ya seli, na humo, ambamo pH inakaribia 7, hupata chaji tena na kunasa. Zikirundikana huchochea molekuli kali za oksijeni zinazovunja DNA, na huamsha jeni kama CDX2, ambayo kazi yake ya kawaida ni kuongoza ukuaji wa seli za utumbo.

Kwa hiyo tindikali iliyopunguzwa nusunusu si hali ya kuridhika nayo. Hilo halimruhusu mgonjwa kuacha dawa, kwa kuwa dawa hupunguza pia wingi wa majimaji yanayopanda, na nyongo pamoja nayo. Jaribio la AspECT, lililochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha zaidi ya wagonjwa 2,500 wenye umio wa Barrett, lilionyesha kuwa dozi kubwa ya esomeprazoli ilikuwa na matokeo bora kuliko dozi ndogo.

Wengi wenye metaplasia hawatapata saratani. Pasipo displasia, yaani mpangilio wa seli kuharibika, hatari iko chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Displasia haionekani kwa dalili. Hutafutwa kwa endoskopi, daktari akichukua vipande vya utando pande nne kila baada ya sentimita 2, na ikigunduliwa mapema utando huo huweza kuunguzwa au kukatwa kupitia endoskopi hiyohiyo.

Katika Afrika Mashariki, saratani ya umio inayoonekana zaidi ni ya seli bapa, isiyopitia njia hii. Mgonjwa ambaye ugali umeanza kumkwama, hata akausukuma kwa maji, au anayekonda bila sababu, au anayetapika damu, anahitaji endoskopi sasa, si boksi jingine la vidonge vya kiungulia.