Foni na radi: ardhi mbili ni hatari



Mwezi wa kumi mwaka 2023, katika kituo kimoja kwetu upande wa Kabare, radi ilipiga mlingoti wa antene ya foni, ile radio ya kusemeana. Chombo kiliungua, na kijana aliyeshika mikro aliungua mkono. Jioni ile ile watu walianza kutaja mzee mmoja jirani, eti ndiye aliyetuma radi. Mimi nilikwenda kuangalia waya. Tujifunze nilichoona.

1. Radi kwetu si ajabu. Hesabu ya satelite iliyotangazwa mwaka 2016 ilionyesha, karibu na Kabare, radi kama 205 kwa kila kilometa mraba kwa mwaka. Duniani kote, ni Ziwa Maracaibo tu, kule Venezuela, linalotupita.

2. Kosa lilikuwa nini? Kulikuwa vyuma viwili ardhini: kimoja cha mlingoti, kingine nyuma ya nyumba, cha grupu ya umeme. Hakuna waya ya kuviunganisha. Kumbukeni somo la fizike: V = R × I. Tuseme radi ina amperi 30.000, na chuma cha mlingoti kina omu 10:

10 × 30.000 = volti 300.000

Chuma cha mlingoti kinapanda hivyo, kile cha grupu kinabaki karibu na sifuri. Basi umeme unapita kati yao: waya ya antene, chombo, waya ya grupu. Na mkono wa mtu.

3. Tufanye namna gani?
a) Unganisha vyuma vyote kwa waya nene ya shaba, nje ya nyumba. Ni sawa na mitumbwi iliyofungwa pamoja: wimbi likipanda, yote inapanda.
b) Waya ya kushuka toka mlingoti iwe fupi, bila kona. Penye kona radi huruka.
c) Mbele ya kuingia nyumbani, waya ya antene ipite kwenye bamba la shaba lililofungwa na ardhi ile ile moja.
d) Kazi ikiisha, chomoa antene na waya ya umeme, ya antene ibaki nje. Ukisikia ngurumo tayari, hapana kugusa kitu.

Yule mzee hakutuma kitu. Zilikosekana mita chache za waya.

Na foni ya shule yetu je? Vyuma vyake vimeunganishwa? Jumamosi saa tatu tutachimba tuone. Mwenye jembe alilete.

Kapita wa wanafunzi, darasa la 6