Akiba ya Mafuta Huanzia Mguuni mwa Dereva

Katika njia panda ya Dumila, barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma hukutana na ile iendayo Kilosa. Hapo hupita malori, mabasi na magari madogo yenye shehena za nyanya, vitunguu na mpunga, pamoja na bodaboda na bajaji ziwapelekazo wananchi majumbani na mashambani. Vyombo hivi vyote vina gharama moja isiyokwepeka, nayo ni mafuta. Dereva wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya mtu mwingine hulijua jambo hili vyema: mwenye chombo hupokea hesabu yake, kituo cha mafuta hupokea fedha zake, na kinachosalia ndicho chakula cha nyumbani.

Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kuzingatia bei za soko la dunia, thamani ya shilingi na gharama za usafirishaji kutoka bandarini. Dereva hana uwezo wa kuzibadili. Alicho na uwezo nacho ni kiasi cha mafuta kinachoteketea katika kila safari, na hapo ndipo akiba yake ilipo.

Kupima kwanza

Dereva asiyejua chombo chake kinatumia kiasi gani hawezi kujua kama ameokoa. Njia ya kupima ni rahisi. Hujaza tangi, huandika namba ya kilometa iliyoko kwenye dashibodi, kisha hufanya kazi zake za kawaida. Anaporudi kituoni hujaza tena hadi kiwango kile kile, huangalia lita zilizoingia, na kugawanya kilometa alizotembea kwa lita hizo.

Tuchukue mfano wa pikipiki inayotembea kilometa 120 kwa siku na kutumia lita 3, yaani kilometa 40 kwa kila lita. Ikiwa kwa uangalifu itatumia lita 2.7 kwa mwendo huo huo, dereva ameokoa lita 0.3. Kiasi hicho huonekana kidogo, lakini kwa siku 26 za kazi hufikia lita 7.8, karibu mahitaji ya siku tatu nzima. Dereva anayeandika hesabu hii katika daftari kila wiki hutambua pia hitilafu mapema, kwa kuwa chombo kinachoanza kunywa mafuta kuliko kawaida aghalabu kina ugonjwa.

Mguu na mwendo

Mafuta mengi hupotea pale dereva anapoondoka kwa kishindo, kisha akafunga breki kwa ghafla baada ya mita chache. Nguvu iliyogharimiwa kwa mafuta huishia kuwa joto kwenye breki. Dereva mwenye busara hutazama mbali: aonapo tuta, kivuko cha waenda kwa miguu au basi linaloshusha abiria, huondoa mguu kwenye mafuta mapema na kuacha chombo kipunguze mwendo chenyewe.

Kwenye barabara kuu, adui mkubwa ni upinzani wa hewa. Gari linalotoka mwendo wa kilometa 80 kwa saa na kufikia 100 hukutana na upinzani ulioongezeka kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana kutii sheria ya mwendo, yaani kilometa 50 kwa saa penye makazi, na kilometa 80 kwa mabasi na malori makubwa, hulinda maisha na mfuko kwa pamoja.

Vilevile, injini inayounguruma huku chombo kimesimama hula mafuta bila kusogea hata hatua moja. Anayesubiri mzigo upakiwe au abiria amalize ununuzi sokoni anashauriwa kuzima injini.

Upepo, mnyororo na mzigo

Tairi lenye upepo pungufu hulemea barabara, hivyo injini hulazimika kufanya kazi zaidi. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa bado baridi, kwa kufuata kiwango cha mtengenezaji. Katika magari mengi kiwango hicho kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kubonyeza tairi kwa kidole hakutoshi.

Mnyororo wa pikipiki uwe safi, wenye mafuta ya kulainisha, na usiwe umekaza wala kulegea kupita kiasi. Kichujio cha hewa hujaa haraka kwa vumbi la barabara za udongo. Kikaguliwe mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi. Keria ya juu ya gari iondolewe isipokuwa na kazi, na vitu visivyohitajika visizungushwe kila siku, kwani kila kilo hubebwa kwa mafuta.

Akiba ya uongo

Zipo njia mbili zinazodhaniwa kuwa akiba, nazo ni hatari. Ya kwanza ni kuweka gia huru au kuzima injini kwenye mteremko, kama ule wa kutoka Gairo kuja Dumila. Katika magari ya kisasa, chombo kikiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, mfumo hukata mafuta wenyewe. Gari lililo kwenye gia huru, kinyume chake, huendelea kuyatumia ili injini isizimike. Zaidi ya hayo, breki hubaki peke yake kuzuia uzito wote. Zikipata joto kali hupoteza nguvu, na lori lenye mzigo haliwezi tena kusimama. Injini ikizimwa, usukani wa magari mengi huwa mzito na breki hukosa msaada wake.

Ya pili ni kununua petroli iliyohifadhiwa kwenye chupa na madumu. Mnunuzi hana uhakika wa kipimo wala usafi wake, na mvuke wa petroli huwaka kwa cheche ndogo tu. Wakazi wa Mkoa wa Morogoro hawajasahau tarehe 10 Agosti 2019, pale lori la mafuta lililopinduka Msamvu lilipolipuka wakati watu wakichota petroli. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Petroli ile ilionekana kuwa ya bure.

Haki ya mnunuzi kituoni

Bei kikomo ni ukomo wa juu. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake, na kinapaswa kuonyesha bei kwenye bango linalosomeka. Mwananchi anaweza kufahamu bei kikomo ya eneo lake kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Kabla ya kujaziwa, dereva ahakikishe pampu inaanza na sifuri. Baada ya kujaziwa, adai risiti ya kielektroniki yenye jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei ya lita. Risiti hiyo ndiyo ushahidi wake endapo mafuta yatakuwa na kasoro. Anayetilia shaka kipimo cha pampu awasilishe lalamiko kwa Wakala wa Vipimo.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayohitaji mtaji mkubwa. Daftari, kalamu na kipima upepo vinatosha kuanza. Dereva akipima wiki hii kabla ya kubadili lolote, kisha akapima tena baada ya wiki nne za uangalifu, daftari lake mwenyewe litamweleza ni lita ngapi zimerudi nyumbani.