Jua Haki Zako: Karani wa Sensa, Ujira Wake na Amana Aliyokabidhiwa

Hesabu ya watu 61,741,120, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliitangaza Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022, ilikusanywa mlango kwa mlango na makarani ambao aghalabu walikuwa vijana waliomaliza shule na kukosa ajira, pamoja na walimu na watumishi wengine walioazimwa kwa muda. Na katika wilaya yetu ya Mbarali wengi wao walitembea kwa miguu au juu ya pikipiki katika vumbi la Agosti, kutoka Rujewa na Ubaruku hadi vitongoji vya mbali vya Madibira na mabonde ya Usangu, mahali ambapo kaya moja na nyingine hutenganishwa na mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Ilikuwa sensa ya sita tangu ile ya mwaka 1967, na ya kwanza nchini kuacha dodoso la karatasi na kutumia kishikwambi. Sensa ya namna hii huja kila baada ya miaka kumi, lakini kazi za jinsi yake haziishi: leo ni utafiti wa kaya wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kesho ni uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, keshokutwa ni usimamizi wa kituo cha kupigia kura. Kwa sababu hiyo naona ni wajibu kuwaeleza vijana wa Rujewa, na wa kwingineko Tanzania Bara, kwamba ufupi wa kazi hauifupishi haki ya mwenye kuifanya, ingawa huufupisha sana muda wa kuidai.

Mambo huanza kwenye maombi. Nafasi za mwaka 2022 ziliombwa kwa njia ya intaneti, na kwa kuwa si kila nyumba ina kompyuta, kijana huenda stesheneri, akampa mhudumu cheti chake cha kidato cha nne, namba ya kitambulisho cha taifa na nywila yake, kisha akaondoka akiwa na karatasi moja iliyopigwa chapa, hali siri zake zote zimebaki katika mashine ya mtu mwingine. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, nayo haimruhusu mtu aliyepokea taarifa zako kwa kusudi moja azitumie kwa kusudi jingine bila ridhaa yako. Mwombe mhudumu afute nakala mbele ya macho yako, ubadilishe nywila siku hiyo hiyo, na uhifadhi karatasi inayoonyesha tarehe ya maombi. Karatasi hiyo ndiyo ithibati ya kwanza katika jambo lote.

Baada ya maombi huja usaili katika kata, na hapa pana maneno ambayo wengi huyapokea kwa unyonge kana kwamba ni kanuni. Kijana huambiwa, "Wewe si mzaliwa wa hapa." Bonde la Usangu ni makao ya Wasangu, lakini pia ya Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma na kaumu nyingine zilizofuata mpunga na malisho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 7 kama ilivyotungwa, inakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu alikotoka, dini, maoni ya kisiasa, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na ulemavu, na inatamka wazi kwamba mwombaji wa kazi naye analindwa sawa na aliyekwisha kuajiriwa. Kumtaka karani aijue njia ya kitongoji atakachokihesabu ni sharti la kazi, na sharti la kazi si ubaguzi. Lakini kumkataa binti aliyefaulu usaili kwa kuwa ana mimba, au kijana kwa kuwa baba yake alihamia hapa na ng'ombe, ni dhuluma iliyo kinyume cha sheria, hata anayeitenda akiwa na muhuri mkononi.

Kuhusu rushwa sitarefusha. Anayedai fedha ili jina lako lionekane kwenye ubao wa matangazo wa kata anatenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007, na anayedai mwili wa binti badala ya fedha anatenda kosa lililotajwa mahsusi katika kifungu cha 25 cha sheria hiyo. Namba ya kuwapigia Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) ni 113, na simu haina malipo.

Sasa nifike kwenye kiini cha barua nyingi ninazoletewa, nacho ni malipo. Kwa kuwa fedha ya karani huitwa posho, wengi wamesadiki kwamba haimo katika sheria za kazi na kwamba hulipwa kwa hisani ya mlipaji. Imani hiyo haina msingi. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, inaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa, mpaka kinyume chake kithibitishwe, endapo ipo hata alama moja kati ya kadhaa zilizoorodheshwa humo, na miongoni mwake ni kwamba namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, kwamba saa zake zinapangwa na mwingine, na kwamba anapewa vitendea kazi na mwingine. Mtazame karani: eneo lake la kuhesabia watu limechorwa na ofisi, maswali yake yameandikwa na ofisi, msimamizi wake anamfuata nyuma, na kishikwambi alichokishika ni mali ya Serikali. Ni alama gani tena itafutwe? Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inawagusa watumishi wa Serikali pia, isipokuwa askari wa majeshi yaliyotajwa humo. Basi karani aliyefanya kazi siku sita au zaidi katika mwezi hawezi kuambiwa kwamba hayumo katika sheria hiyo.

Kwa hiyo unayo haki, kabla ya kuanza au siku ya kuanza, kupewa kwa maandishi maelezo ya kazi: wadhifa wako, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi, kiasi cha malipo na jinsi yanavyokokotolewa. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo kina jambo ambalo natamani kila kijana alihifadhi kama anavyohifadhi namba yake ya simu: mwajiri akishindwa kuonyesha maandishi hayo katika shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye, wala si wewe. Ukisema mliahidiwa kiasi fulani kwa kila siku ya mafunzo, na ofisi haina karatasi, ofisi ndiyo itakayotafuta hujja.

Lakini faida hiyo hupotea kwa sahihi moja ya haraka, na hili nimeliona kwa macho. Darasa la shule linaazimwa kwa mafunzo. Jioni ya siku ya mwisho, watu wamechoka na magari ya kurudi yanapiga honi nje, karatasi ya malipo inapitishwa dawati kwa dawati. Majina yamepigwa chapa, safu ya sahihi iko wazi, na safu ya kiasi cha fedha iko wazi vilevile. Kila mmoja anatia sahihi kwa kuwa mwenzake wa kushoto ametia. Ndugu yangu, usitie sahihi mbele ya nafasi tupu. Uliza kwa adabu kiasi kijazwe. Kikijazwa pungufu, andika kando ya sahihi yako "nimepokea sehemu tu" na kiasi ulichopokea. Na ukikataliwa hata hilo, andika siku hiyo hiyo barua fupi kwa msimamizi wako, ubaki na nakala yenye tarehe. Kutia sahihi kwamba umepokea kitu ambacho hukupokea ni kumpa mdaiwa wako ushahidi wa kukushinda.

Jambo linalofuata kwa uzito ni kishikwambi. Karani hukabidhiwa kifaa chenye thamani kubwa kuliko fedha zote alizowahi kushika, akasaini daftari la makabidhiano, na akipata ajali ya bodaboda njia ya Madibira kioo kikapasuka, huambiwa kwamba malipo yake yote yamekatwa. Haiwezekani iwe hivyo. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamruhusu mwajiri kukata ujira kufidia hasara pale tu hasara ilipotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, na baada ya kumweleza kwa maandishi sababu ya hasara, kiasi chake na jinsi kilivyopatikana, na kumpa nafasi ya haki ya kujitetea; kiasi kinachodaiwa kisizidi hasara halisi, na makato yote yasizidi robo moja ya ujira wake wa fedha. Kioo kilichopasuka bila taksiri yako si deni lako. Basi siku ya kukabidhiwa, kikague kifaa mbele ya anayekugawia, na kila mkwaruzo uandikwe; siku ya kukirudisha, usiondoke bila hati ya mapokezi. Na ikiwa katika ajali hiyo umeumia wewe mwenyewe, nenda kituo cha afya, uchukue fomu ya polisi, na umjulishe msimamizi wako kwa maandishi, maadamu Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inahusu sekta ya umma na ya binafsi.

Haki hizi zina dhima inayolingana nazo. Karani hula kiapo cha kutunza siri, na Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inamhesabu kuwa mkosaji akiitoa nje taarifa ya mtu mmoja mmoja. Hapa Usangu kiapo hiki ni kizito kuliko mahali pengi, kwa sababu wafugaji walioondolewa katika bonde la Ihefu na mifugo yao mwaka 2006 na 2007 hawajasahau, na mtu anayemuuliza mfugaji idadi ya ng'ombe wake anagusa jeraha. Akikuamini akakutajia, taarifa hiyo ni amana. Kiongozi yeyote wa kijiji au mgombea wa siasa akikuomba umnong'oneze fulani ana ng'ombe wangapi au analala na watu wangapi nyumbani, una haki ya kukataa na una faradhi ya kukataa, na hakuna wa kukuadhibu kwa kukataa huko.

Iko hali moja ambayo ufupi wa kazi humpunguzia karani kinga, wala sipendi kuwaficha. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali uliomo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini haumfikii mtu aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja chini ya miezi 6. Karani aliyeondolewa katikati ya zoezi hawezi kudai chini ya sehemu hiyo ya sheria arudishwe. Lakini ujira wa kila siku aliyokwisha kuifanya ni wake, na cheti cha utumishi ni haki yake, nacho humfaa sana anapoomba kazi nyingine ya namna ile.

Malipo yasipokuja, usiridhike na ahadi za simu wala ujumbe wa kundi la WhatsApp. Andikia halmashauri barua, ieleze eneo ulilohesabu, siku ulizofanya kazi na kiasi unachodai, upigiwe muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako. Mwalimu au mtumishi mwingine wa umma sharti kwanza amalize njia za malalamiko zilizowekwa katika utumishi wa umma. Karani mwingine anaweza kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu Na. 1 ya Tume, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Na siku hizo zinakwenda hata wakati unaposubiri majibu ya barua yako. Aliyechelewa kwa sababu ya kweli anaweza kuomba aongezewe muda, ila atatakiwa kuieleza sababu hiyo na kuithibitisha. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili amtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya mwaka 2017, ambaye huduma yake haitozwi ada. Aende kwake na karatasi zake zote mapema, kabla siku ya sitini haijapita.